Vitu vya kliyanti ndani ya gari: munavitoa wenyewe ao munamungojea mwenye gari?

lavaji_himbi (Goma)

Bandugu salamu kwenu wote. Niko Goma, kartie (mtaa) ya Himbi, niko na lavaji (pahali pa kuosha magari) ndogo lakini siye kazi yetu kubwa si ile ya kumwaga maji nje, ni ndani: tunatoa viti, tunatoa matapi (mazulia ya gari), tunavuta vumbi, tunasugua na burashi, tunakausha, kisha tunarudisha kila kitu. Wale wa hapa munajua vumbi yetu, ile nyeusi ya mawe ya volkano, inaingia mpaka ndani ya reli za viti, na ukianza kusugua mbele (kabla) ya kuivuta inakwangua kila mahali, kwa hiyo hakuna haraka haraka, gari inaweza kulala kwetu juu viti vikauke vizuri, zaidi wakati wa mvua. Sasa gari ikilala kwetu na vitu vya mwenyewe vimelala kwetu, hapo njo swali langu linaanzia.

Watu wanaleta gari imejaa. Mtu anakuletea Prado, ukifungua mlango unakuta viatu vya mtoto, mfuko wa sambaza (samaki wadogo) kavu zimesahaulika chini ya kiti, makaratasi ya shule, chaja za telefone, dawa, Biblia, pete ya mwanamke kwenye kile kishimo cha kuwekea chupa, franga mia tano mia tano zimekunjwa, na dola chini ya tapi ambayo ata yeye hajui kama iko. Anakupa funguo anasema "nitarudi jioni" na wakati unageuka amekwisha kupanda moto (pikipiki) ameenda.

Kuna kliyanti (mteja) mmoja alirudi kuchukua gari akasema alikuwa ameacha dola mia moja kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria na haziko. Vijana wawili njo walikuwa wanafanya ile gari na mimi nilikuwa pale pale, na kile kisanduku hakuna aliyekifungua. Kelele ikapanda, watu wakajaa, mmoja wa wale vijana akaitwa mwizi mbele ya barabara nzima. Kesho yake ikajulikana ni bibi yake (mke wake) njo alizitoa asubuhi kwa ajili ya minerval (pesa ya shule) ya watoto. Alikuja kuomba msamaha, sawa, nilimpokea, lakini kijana alikuwa amekwisha kuacha kazi, na mama yake alinipigia simu analia. Zile mia zilipatikana ila jina la mtoto wa watu nani atalisafisha? Ile njo inaniuma.

Kwa hiyo nauliza kwa wenye uzoefu. Gari ikifika imejaa, munatoa nyinyi ao mwenyewe? Munaweka wapi? Kile kitu kidogo ambacho mwenyewe hakujua kama kiko munakifanya aje? Wengine wananiambia nibandike tu karatasi ukutani "hatujibu kwa vitu vilivyoachwa ndani" na kazi imekwisha, lakini mimi moyo haukubali, naona ni kumwambia mtu "ukiibiwa shauri yako". Munisaidie.


fundi_nyawera (Bukavu)

Ndugu wa Himbi pole sana, na huyo kijana umufuate umurudishe kazini, tena mbele ya wale wale watu walimusikia anaitwa mwizi.

Huku kwetu Bukavu tunafanyaka hivi. Kliyanti akifika, ata kama anakimbia, hatupokei funguo mbele ya kuzunguka gari pamoja naye. Ni dakika chache tu. Tunafungua milango yote, kofre (buti ya nyuma), kile kisanduku cha mbele, yale mapochi ya nyuma ya viti, kisha tunamwambia "mukubwa, toa pesa, telefone, karti rozi na makaratasi mengine ya gari, na kitu chochote cha dhahabu". Anatoa YEYE, na mkono yake, siye tunasimama tu na sashe (mfuko wa plastiki) wazi. Anachotaka kwenda nacho anaenda nacho, anachotaka kuacha anakitia mwenyewe ndani ya sashe na tunaandika.

Akisema "nimechelewa, tieni tu mahali", hapo njo usikubali. Mwambie basi uende na funguo, urudi wakati uko na nafasi. Wengi wakisikia hivyo wanapata zile dakika hapo hapo.

Kisha kaye (daftari). Ile kaye kubwa ya mistari, si karatasi za kutupa tupa. Namba ya gari, tarehe, saa aliyofika, vitu gani vimebaki, na kama kuna pesa unaandika noti kwa noti: dola ishirini moja, franga elfu tano tatu, hivyo hivyo, usiandike "pesa kidogo". Anasaini, na wewe unasaini. Wakati wa kurudisha mnasoma pamoja mstari kwa mstari, anasaini tena. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari na kwa hii kazi yetu ni kweli kabisa.

Tena sashe ni nne kwa kila gari: mbele upande wa shofere, mbele upande wa abiria, nyuma, na kofre. Zinaandikwa na zinafungwa na skochi, na juu ya skochi kliyanti anaweka saini na biki, nusu kwenye skochi nusu kwenye sashe, ikifunguliwa inaonekana. Sababu ya kugawa ni hii: mtu anajua mahali alitia kitu chake. Miwani yake inakaa mlango wa kushoto, akiikuta kofre atasema mulikuwa munachezea vitu vyake, ata kama hakuna kilichopotea. Kitu kirudi pale kilitoka, ata kama ni chupa ya maji nusu.

Na kabla ya kuanza kazi tunazunguka gari na telefone tunafilmu, nje na ndani, polepole, kliyanti akiwa bado pale na yeye pia anasikika kwenye video. Hiyo imetuokoa kwa mambo mengi, si pesa tu, ata kiti kilikuwa kimechanika tangu nyumbani.


mama_katindo (Goma)

Mimi si fundi, mimi ni mwenye gari, na ni mama, nataka niongee upande wetu.

Hayo ya kaye na sashe nayapenda sana, nikikuta lavaji inafanya hivyo nitawaacha wengine wote. Lakini video, baba yangu, video inaniogopesha. Gari ya mwanamke ni nusu ya chumba chake. Mule ndani kuna dawa zake, kuna karatasi ya hospitali, kuna vitu vya mwezi, kuna barua. Kuna mtu anakunywa dawa ambayo ata mume hajui. Kijana akiokota kile kikopo akasoma jina kwa sauti, ao akamuonyesha mwenzake tu, tayari kesho kartie nzima inajua, na huyo mtu amevunjiwa nyumba bila mtu kuiba ata franga moja.

Halafu kuna jambo lingine sijaona mtu ameligusa: status za WhatsApp. Muna tabia ya kutia foto "mbele" na "kisha", gari chafu na gari safi, ili watu waone kazi. Ni haki yenu kutafuta kliyanti, sikatai. Ila mimi niliona kwenye status ya lavaji moja foto ya gari ya rafiki yangu, kiti cha nyuma kimejaa vitu, na pale juu kaye ya shule ya mtoto, jina lake na jina la shule vinasomeka bila shida, na plaki (namba) ya gari inaonekana pia. Kwa mji huu wetu mutangaze mtoto wa fulani anasoma wapi na gari ya nyumbani kwao ni ile? Nilipiga simu nikawaomba waitoe, wakaitoa, lakini ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi.

Kwa hiyo: filmu hali ya gari, viti, dari, milango, sawa. Usifilmu makaratasi, usifilmu dawa, vitu vya ndani vigeuze ao vifunike kwanza. Kliyanti akishachukua gari yake na ameridhika, futa video mbele yake. Foto ya kutangaza uombe ruhusa, na upige wakati vitu vyote vimekwisha kutoka.

Jambo la mwisho kwangu, tafadhali mufundishe vijana kutosema neno. Akikuta kitu cha aibu anakitia ndani ya sashe, anafunga, basi. Hakuna kucheka, hakuna "mama kumbe wewe…". Naweza kusamehe kiti kimebaki na doa lakini ile siwezi.


fundi_nyawera (Bukavu)

Mama unasema kweli. Ya kufuta video mbele ya kliyanti hatukuwa tunafanya, tutaanza. Na kwa dawa tunaandika tu "kikopo 1" ndani ya kaye, jina la dawa haliingii.


shofere_wa_jeep (Goma)

Mi niko shofere wa shirika moja hapa mjini, Land Cruiser, nimezunguka nayo Sake, Rutshuru, kote. Nataka kuwaambia watu wa lavaji kitu kimoja tu lakini mukitie kichwani: MUSITUPE KARATASI YANGU.

Munaonaka karatasi imekunjwa, imechafuka, iko chini ya kiti na matope juu yake, munasema ni takataka. Ile ni bon ya esansi (karatasi ya mafuta ya gari). Nisipoirudisha ofisini wanasema lita zimeenda wapi, na wanakata kwenye mshahara. Ao ni risiti ya péage (malipo ya barabara), ao ni ordre de mission (karatasi ya ruhusa ya safari) ya wiki iliyopita ambayo bado inapaswa kuingia kwenye klasere (faili). Karne ya bodi njo mbaya zaidi, mule tunaandika kilometa za kila safari, mtu aliitoa akaiweka juu ya tapi lenye maji, kurasa zikashikana zote, nilikaa usiku nazifungua moja moja na wembe.

Kwa hiyo kwangu mimi karatasi zote, ZOTE, ata ya bonbon, mutie ndani ya sashe moja kavu mbali na maji munipe, takataka nitaichagua mwenyewe nikifika nyumbani. Kazi ya kujua nini ni takataka ndani ya gari ya mtu si yenu. Sisemi kwa hasira, nasema juu naona vijana wanataka kufanya vizuri wanasafisha mpaka wanasafisha na kazi ya mtu.

Gari za mashirika ziko na redio ya mawasiliano, ile ya kuongea na ofisi. Usizungushe ile boutoni kwa kutafuta muziki! Ukibadilisha kanali mimi naondoka barabarani naita hakuna anayenisikia, na barabara zetu munazijua. Pangusa na kitambaa kavu, pita. Kisanduku cha dawa za msaada wa kwanza pia usikifungue, kizimamoto usikitoe kwenye kamba yake, ao ukikitoa ukirudishe pale pale kimefungwa, juu siku ya kukihitaji mkono unaenda mwenyewe mahali unajua.


lushois_kampemba (Lubumbashi)

Bonjour bandugu wa Kivu. Mie huku Lubumbashi niko na kanuni moja: gari inaingia tupu. Kama iko na kitu ndani, hatuanze. Tumeandika bei mbili ukutani, ya gari tupu na ya gari imejaa, na ya gari imejaa iko juu. Hapo kliyanti mwenyewe anatoa bintu byake nyumbani mbele ya kuya. Huku iko gari za watu wa mine (migodi), mutu anatoka Likasi ao Kolwezi na vumbi nyekundu mpaka kwenye dari, na nyuma kuko casque (kofia ngumu), bottes (viatu virefu), vifaa vya kazi, sasa mie niandike vyote ile? Apana. Kila mutu achunge yake.


lavaji_himbi (Goma)

Asante kaka wa Lubumbashi, ya bei mbili nimeipenda. Ila kusema "gari inaingia tupu" kwangu naona haifiki mwisho, juu gari haiwe tupu kabisa. Mtu anatoa anachokiona. Pete chini ya reli haioni, hereni haioni, karti SIM ya zamani haioni, na vile vyote vitatokea wakati siye tumekwisha kutoa kiti. Na ile ya karatasi ukutani bado hamujanijibu.


msomaji_wa_sheria (Bukavu)

Nakujibu ya karatasi ukutani, nimesoma sheria huku Bukavu.

Mikataba yetu Kongo bado inatawaliwa na kile kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ndiyo, ya zamani hivyo. Mule ndani mtu aliyepokea kitu cha mwenzake ili akichunge anapaswa kukichunga sawa vile anachunga cha kwake. Umepokea gari, umepokea funguo, ukajua kuna vitu ndani: kusema tu kuna karatasi ukutani hakukutoi kwenye hiyo kazi ya kuchunga. Karatasi inaweza kusaidia kumwonya kliyanti atoe vitu vyake, kwa hiyo ibandike, lakini uandike hivyo, kwamba atoe na aandikishe, si kwamba wewe hujibu.

Upande wa makosa: kitu ulichoaminiwa ukakigeuza chako ao ukakitumia njo abi de konfiansi (kuvunja uaminifu), na adhabu yake ni miezi mitatu mpaka miaka mitano gerezani pamoja na amande (faini). Na kile ulichookota bila kuaminiwa, mfano hiyo pete chini ya reli, ukikificha huku unajua kina mwenyewe, hilo pia ni kosa. "Niliokota" si jibu. Wafanyakazi wengi hawajui hii, wanafikiri kilichoanguka chini ya kiti ni bahati ya aliyekiona. Uwaambie siku ya kwanza wanaanza kazi.

Lakini na kliyanti asikie: kumtaja mtu hadharani kwamba ameiba, bila hakika, na kumharibia jina mbele ya watu, sheria yetu ya makosa inaadhibu hiyo vilevile. Yule kijana wako alikuwa na haki ya kushitaki. Sisemi mwende parke (kwa mwendesha mashitaka), kama mtu amekuja kuomba msamaha ni bora, ila msamaha huo aombwe kijana na si patro (mwenye kazi) peke yake. Je, yeye aliombwa?


lavaji_himbi (Goma)

Hapana, hakuombwa yeye. Umenifungua macho, nitampigia huyo kliyanti.


fundi_nyawera (Bukavu)

Narudi kwa vitu vidogo juu hapo njo kuna ufundi.

Mashini ya kuvuta vumbi inakula kila kitu, hereni, vis (skrubu), karti memware, na mtu mwenye haraka anasikia "trrr" ndani ya bomba anaendelea. Ukisikia trrr zima mashini hapo hapo. Siye tunavalisha mdomo wa bomba soksi nyembamba ya mwanamke, ile ya nailoni, tunaifunga na elastiki. Vumbi kubwa haipiti vizuri, kweli, lakini ni ya kupita mara ya kwanza tu kwenye vishimo na chini ya viti: kitu kidogo kinashikwa pale mdomoni unakiona. Kisha unatoa soksi unavuta vumbi yenyewe. Na ndoo ya mashini tunaimwaga kwa kila gari, juu ya gunia iliyotandazwa, tunapitisha mkono ndani (vaa gan za mikono, kuna wembe na sindano), ndipo inatupwa. Tukichanganya vumbi ya gari mbili hatujui tena hereni ni ya nani.

Kila kilichopatikana namna hiyo kinaingia kwenye kibahasha, juu yake tunaandika wapi: "chini ya kiti cha shofere, reli ya kulia". Kliyanti anapewa mbele ya kulipa. Mbele ya kulipa, sikia vizuri, si kisha. Akiona ata vis ya miwani yake imetunzwa, hakuna siku atakuuliza tena juu ya dola mia.

Dola: munajua hapa kwetu noti ya dola ikipasuka kidogo tu pembeni hakuna atakayeipokea, si duka, si mwenye kubadilisha, ata kama kule Marekani yenyewe ingepita. Kwa hiyo noti ukiikuta imelowa ao imeshikana na tapi usiivute. Lowesha polepole mpaka ijiachilie, ile karatasi yao ni pamba na kitani haiogopi maji, inaogopa kuvutwa. Ilaze juu ya kitambaa safi, juu yake kitambaa kingine, tia kitabu, iache kwenye kivuli. Usipige pasi. Na uite mwenzako aone mbele ya kuigusa, muwe wawili. Hiyo ya wawili ni sheria kwa pesa yoyote: aliyeiona haigusi mpaka mwingine amefika.

Ya mwisho, wewe umesema munatoa viti. Gari nyingi za siku hizi ziko na erbagi (ule mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali) ya pembeni ndani ya kiti chenyewe, chini utaona plagi ya njano. Kwanza zima kontakti (swichi ya funguo), toa bateri, ngoja dakika kadhaa, ndipo uguse ile plagi. Na kiti kikiwa nje usimruhusu mtu kuwasha kontakti kwa kusikiliza muziki, taa ya erbagi itawaka na itabaki inawaka mpaka mtu mwenye mashini aizime, na kliyanti atasema gari yake umeiharibu. Pia ukitoa bateri, redio zingine zinaomba kode zikirudi, muulize mwenyewe kama anayo MBELE. Stesheni alizoweka na saa vinapotea pia, na ile nayo ni mali yake.


mama_katindo (Goma)

Na kiti cha mtoto! Piga foto ya jinsi mikanda imepita mbele ya kukitoa. Kwangu walikirudisha mkanda umepita pabaya, kinaonekana kimekaa lakini ukikisukuma kinacheza. Mikanda yenyewe isitiwe javel (dawa ya kung'arisha nguo) wala sabuni kali, inadhoofisha uzi, ni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Kama hamujui kukirudisha, mukiache kwenye kofre muniambie, nitakifunga mwenyewe, sitakasirika.


lavaji_himbi (Goma)

Swali moja bado, na nilikuwa naona aibu kuuliza. Mukikuta kitu cha hatari munafanya aje? Sisemi kisu cha kumenyea machungwa. Munanielewa, kwa mji wetu.


shofere_wa_jeep (Goma)

Nimekuelewa. Ukikuta risasi ao silaha, ao kitu cha chuma ambacho hukitambui, mkono usifike pale. Usikisogeze kwa kutaka kuona vizuri, usipige foto, usiite watu waje watazame. Toka, funga mlango, vijana wasogee mbali na ile gari, mpigie mwenyewe aje akitoe yeye. Kazi inasimama, mashini zinazimwa. Kama ni kitu kama grenadi ao bombu, hapo si mambo ya kliyanti tena, ondoa watu wote na muite wenye kazi ya kutegua. Na kisha usilisimulie kwenye pikipiki wala kwenye kabare (baa).


lushois_kampemba (Lubumbashi)

Ile ni kweli kabisa. Na ongeza telefone: mutu akisahau telefone ndani na inalia, usipokee. Inaweza kuwa bibi yake, anasikia sauti ya mutu mwingine, vita inaanza. Kama inaandika jina "nyumbani" ao yeye mwenyewe anaita na namba ingine mara nyingi mfululizo, patro njo apokee, aseme tu "hapa ni kwa lavaji, telefone iko salama", afunge. Naona pia kaye ya bandugu wa Bukavu iko muzuri, nitaijaribu kwa zile gari za mine, tutaandika casque na bottes basi.


lavaji_himbi (Goma)

Nimeandika yote. Leo nimenunua kaye mbili na skochi, soksi za nailoni zipo Birere bei rahisi. Nimebandika karatasi lakini inasema: "Tafadhali toa vitu vyako pamoja nasi, tutaviandika mbele yako." Kijana nimemuona, atarudi Jumatatu, na kliyanti amekubali kuja saa ile watu wa barabara wapo. Fundi wa Nyawera, sashe zikilala usiku unazitia wapi, ndani ya gari ao nyumbani kwako?


fundi_nyawera (Bukavu)

Si ndani ya gari, gari iko wazi inakauka. Si nyumbani kwangu pia, kikipotea pale ni mimi peke yangu na ukuta. Tuko na kabati ya chuma hapa kazini, kufuli mbili, funguo moja kwangu, ya pili kwa kijana mkubwa wa kazi, haifunguki bila wote wawili. Sentineli (mlinzi) hana yoyote. Kama huna kabati, kantini (sanduku) ya chuma ya wanafunzi inatosha, ile yenye masikio mawili mbele, uifunge na mnyororo kwenye nguzo.